Kanisa la Zamani la Rabai na Kazi Zake

Kijiji kinapojenga kanisa jipya la mawe, shida ya kwanza huwa ni fedha, na shida hiyo hujulikana na kila mtu tangu siku ya mchango wa kwanza. Shida ya pili haitazamiwi. Askofu akiisha kulibariki jengo jipya, na watu wakiisha kula wali na kurudi makwao, jengo la zamani hubaki pale pale limesimama, wala hakuna aliyepanga litafanywa nini. Mwalimu mkuu hutaka liwe darasa. Mweka hazina akiyatazama mabati na mawe yake huona fedha. Akina mama hutaka mahali pa kukutania siku za mvua. Wazee waliobatizwa ndani yake hawataki liguswe hata kidogo, lakini wakiulizwa ni nani atakayelipaka chokaa kila mwaka hunyamaza. Katika mashauri ya namna hiyo jengo la zamani hushindwa mara nyingi, si kwa sababu lina adui, bali kwa sababu halina kazi. Na nyumba isiyo na kazi huanza kuvuja mwaka ule ule.

Kiko kijiji kimoja katika Kenya ambacho kimekuwa na shauri hili kwa muda mrefu kuliko vingine, nacho ni Rabai. Rabai iko katika vilima nyuma ya Mombasa, mwendo wa kilometa ishirini na zaidi kutoka kisiwani, upande wa Mazeras, na leo ni sehemu ya Kaunti ya Kilifi. Ni nchi ya minazi. Mgema wa Rabai anajulikana pwani nzima, na mtu apitaye hapo asubuhi na mapema humwona akiteremka mnazini na kibuyu chake pasipo haraka yoyote. Katikati ya minazi hiyo yako majengo ya misheni ya zamani: kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa mwaka wa 1887, ambalo watu husali ndani yake hata sasa, kanisa lililolitangulia hilo, ambalo limegeuzwa kuwa makumbusho, na nyumba mbili ndogo ziitwazo kwa majina ya wamisionari wa kwanza, moja ya Krapf na moja ya Rebmann. Wenyeji hulihesabu lile kanisa la zamani kuwa la kwanza katika Kenya. Msomaji aliyefika Malindi anaweza kubisha, maana Wareno walikuwa na kanisa lao dogo pale tangu karne ya 16. Lakini lile lilikuwa la mabaharia waliokuwa wakipita, na hili la Rabai lilikuwa la watu waliokaa.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka wa 1844 akiwa na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ilimwua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafa naye. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na wengi hulitembelea. Mwaka wa 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye, na tarehe 25 Agosti wakahamia Rabai. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, na katika kupanda kile kilima iliwabidi kupokezana punda mmoja. Wazee wa Rabai waliwakubali na kuwapa mahali karibu na kaya yao iitwayo Mudzi Muvya, yaani Mji Mpya. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya miti iliyokandikwa udongo, kama nyumba za majirani.

Basi, kazi ya kwanza ya nyumba za ibada za Rabai ilikuwa nini? Mtu atajibu upesi kwamba ni kuhubiri. Kuhubiri kulikuwako, lakini waliosikiliza walikuwa wachache sana, na kwa miaka mingi Wakristo wa Rabai waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Wa kwanza alikuwa mlemavu, jina lake Mringe, aliyebatizwa akiwa kitandani na mauti yamekaribia. Baada yake akaja Abe Gunja. Kama mtu angezitazama nyumba zile kwa macho ya karani wa hesabu, angesema zimepata hasara.

Lakini zilikuwa na kazi nyingine isiyoonekana katika hesabu hiyo, nayo ni kazi ya maneno. Hapo ndipo Krapf alipoandika mengi ya kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapwa London mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Hapo ndipo yeye na Rebmann walipokusanya maneno ya lugha ya wenyeji, ambao wakati huo waliitwa Wanyika na leo huitwa Wamijikenda. Tena hapo ndipo Rebmann alipoketi na mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, mtu wa nchi za Ziwa Nyasa aliyeletwa pwani kwa nguvu, akamwuliza neno baada ya neno la lugha ya kwao. Kamusi iliyotokana na mazungumzo yale ilitolewa mwaka wa 1877. Watu hukumbuka kwamba Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848, na kwamba mabwana wa elimu wa London hawakumsadiki. Ni wachache wanaokumbuka kwamba lugha ya Wanyasa iliandikwa kamusi huko Rabai, kutoka kinywani mwa mtu ambaye kwa sheria ya siku zile alikuwa mali ya mtu mwingine.

Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa ajili ya afya yake. Rebmann alibaki. Sir Bartle Frere alipofika pwani mwaka wa 1873 alimkuta karibu kuwa kipofu, na wafuasi wake wachache wamemzunguka. Alirudi Ulaya mwaka wa 1875, akafa mwaka uliofuata. Alikuwa amekaa karibu miaka thelathini. Laiti historia ya majengo yale ingekomea hapo, yangekuwa ukumbusho wa Wajerumani wawili na uvumilivu wao, na hakuna mtu ambaye angeona kosa katika kuyaita kwa majina yao.

Historia haikukomea hapo. Katika mwaka wa 1864 walifika Rabai watu ambao hata leo si rahisi kusema walikuwa wageni au wenyeji. Walikuwa Waafrika waliotekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakapelekwa India na kulelewa katika shule ya misheni ya Nasik, karibu na Bombay. Kwa hiyo waliitwa Wabombei. Walirudi Afrika wakiwa na Kiingereza na Kihindi, wakijua uhunzi na useremala, lakini njia ya kwenda walikozaliwa hawakuijua tena. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Ndio waliofundisha, ndio waliotengeneza milango, na mara nyingi ndio walioongoza ibada Wazungu walipokuwa wagonjwa au safarini. Mwaka wa 1875 kijiji kikubwa cha watumwa waliokombolewa kilianzishwa karibu na Mombasa, kikaitwa Freretown, na Rabai nayo ikapata watu wengi wa namna hiyo. Katika kanisa walikaa pamoja mtu wa Rabai, Mnyasa, Myao na Mgindo, kila mmoja na lugha ya mama yake, wakiimba kwa Kiswahili. Kanisa lililokuwa kubwa kupita watu wake likaanza kuwa dogo.

Mwaka wa 1885 Askofu Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Baada ya hapo alimchukua Jones katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya Umasai. Walipofika kwa Sundu, mahali ambapo leo ni Mumias, Askofu alitangulia mbele na watu hamsini, akamwacha Jones na msafara uliobaki. Katika mwezi wa Oktoba Askofu akauawa Busoga pamoja na karibu watu wake wote. Jones alingoja, habari zilipothibitika aliwarudisha waliosalia, mwendo wa miezi, mpaka pwani. Walipoingia Rabai mwezi wa Februari 1886, aliyetangulia alibeba bendera ya buluu iliyoshonwa herufi nyeupe: ICHABOD. Ni jina la Kiebrania, na maana yake ni kuondoka kwa utukufu. Wanawake wa Rabai ambao waume zao walikuwa wapagazi wa safari ile hawakuhitaji kufasiriwa herufi. Walitazama ni nani yumo katika mstari, na ni nani hayumo.

Kanisa la Mtakatifu Paulo lilijengwa katika mwaka uliofuata, nalo lilikuwa na kazi mpya mara moja. Wakuu wa misheni walikuwa wameahidi kwamba hawatapokea watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao katika mashamba ya pwani. Ahadi ilikuwa ya kuepusha vita, maana wenye mashamba walitishia kuzichoma misheni. Lakini kilima cha Rabai hakina lango. Mtoro alipofika usiku, akajenga kibanda, akalima mhogo, na siku ya Jumapili akaja kanisani pamoja na wengine, ni nani aliyekuwa na moyo wa kumwuliza bwana wake ni nani? Jones hakuwa na moyo huo. Yeye mwenyewe alikuwa ameuzwa alipokuwa mtoto. Mwaka wa 1888 jambo hilo lilifichuka, ikaonekana kwamba watoro katika misheni za pwani ni mamia kwa mamia, na waliokuwa Rabai walikuwa wengi sana. Mashujaa wa dini wa Ulaya walioona haya kwa ajili ya ahadi yao iliyovunjwa walimlaumu Jones. Katika shauri hilo ni haki kusema kwamba aliyeivunja ahadi aliielewa Injili vizuri zaidi ya walioitoa.

Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki aliumaliza ugomvi kwa fedha. Mabwana wa watumwa walilipwa fidia, na mwanzoni mwa mwaka wa 1889 watoro wapatao 1,400, wa Rabai na wa misheni nyingine, walipewa hati za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka wa 1907. Kwa muda wa miaka kumi na minane, basi, karatasi ile ilikuwa mali kubwa kuliko shamba. Mtu aliifunga katika kitambaa na kuificha.

Na lile kanisa la zamani? Lilipopata mrithi wake mwaka wa 1887 halikubomolewa. Hilo peke yake ni jambo la kushangaza, maana mawe yaliyokwisha kuchongwa huwatamanisha wajenzi. Lilifika karne ya ishirini, likayaona mashule, likauona Uhuru, na mwaka wa 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sasa huingia wanafunzi na watalii. Husoma maelezo ukutani, hutazama picha na vitu vya kale, kisha hutoka kwenda kupiga picha nyumba ya Krapf. Hulipa kiingilio kidogo mlangoni. Si vibaya, kwa kuwa paa halijitengenezi lenyewe; ila mtu aweza kukumbuka kwamba katika kilima hicho hicho mtoro hakudaiwa kiingilio, na fedha zilipolipwa zilipewa bwana wake.

Wako wanaosikitika kuona nyumba ya sala imekuwa nyumba ya kutazamwa. Husema ni kama kumweka babu katika kabati la kioo. Masikitiko hayo yana heshima yake, lakini hayana msingi mkubwa. Nyumba za Rabai hazijawa na kazi moja tu tangu mwanzo: zimekuwa hospitali ya Wazungu wenye homa, chumba cha kamusi, shule, karakana, mahali pa matanga, na maficho. Makumbusho ni kazi moja zaidi katika mstari huo. La kuogopwa ni jingine. Nyumba inapokuwa na watu ndani yake kila siku, watu wenyewe huisimulia. Inapogeuka makumbusho, husimuliwa na ubao ulio ukutani. Na ubao una nafasi ndogo. Jina la Krapf limeandikwa juu ya mahali pale, na makumbusho huitwa kwa jina lake. Alikaa Rabai miaka michache. Jones, Semler, Mringe, Salimini na wale wenye hati za uhuru walilijaza kanisa, lakini mgeni anayekaa nusu saa aweza kutoka akiwa amelishika jina moja tu.

Rabai si peke yake katika hili. Huko Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao mwaka wa 1868 na kujenga kanisa. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa Daktari Livingstone ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa Unguja, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo na Chuma, Susi na wenzao. Kanisa jipya lilijengwa kati ya mwaka wa 1910 na 1914. La zamani limekwisha, isipokuwa mnara wake, na mnara huo huitwa wa Livingstone. Maiti iliyopita mara moja imepewa mnara, na waliotembea zaidi ya kilometa elfu moja na mzigo huo mabegani hawakupewa. Huko Mbweni, Unguja, kanisa la Mtakatifu Yohana la mwaka wa 1882 bado ni kanisa, lakini shule ya wasichana waliookolewa utumwani ilianguka, na miaka mingi baadaye hoteli ikajengwa kando ya magofu hayo, ikachukua hata jina lake kwao. Freretown yenyewe imemezwa na mji wa Mombasa. Kengele iliyogongwa kuwaonya watu kwamba wafanya biashara ya watumwa wanakuja ingali juu ya mnara wake mdogo kando ya barabara, na mahali hapo ni Kengeleni. Makondakta wa matatu hulitaja jina hilo kutwa kucha, na kwa kadiri abiria anavyojua ni kituo tu.

Ni afadhali mtu aliyetembelea majengo ya Rabai ageuke kidogo atazame upande wa pili, penye miti mirefu ya kaya. Kaya za Wamijikenda zilikuwa miji yenye boma, watu wakikaa ndani yake. Kisha watu wakatoka mmoja mmoja kwenda kulima mashamba mapana, na kaya zikabaki na makaburi, misitu, na wazee waingiao siku za maombi. Mwaka wa 2008 kaya za Wamijikenda, na za Rabai zikiwa miongoni mwake, ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo napo ni mahali pa ibada palipobadilika kazi, nako kulitokea pasipo ubao wala kiingilio. Mzee wa kaya akimpeleka kijana msituni humwonyesha ni nani alizikwa wapi, na ukoo wake ni upi, na kwa nini mti fulani haukatwi. Majina ndiyo anayoyarithisha kwanza. Warabai waliowapa Krapf na mwenzake mahali pa kujenga walikuwa na desturi hiyo tayari, karibu sana na ukuta wa kanisa, lakini kanisa halikuiazima.

Iko faida kwa vijiji vingine katika kulifikiri jambo hili sasa, kabla jengo la zamani halijawa gofu wala halijawa makumbusho. Makanisa mengi ya Kenya yaliyojengwa na wazazi kwa udongo na mabati yamo katika hali ile ile ya kungojea shauri. Liwe darasa, liwe ghala la mbegu la chama cha ushirika, liwe zahanati. Yote hayo ni kazi za heshima, na liking'olewa mabati likawa kivuli tu cha mbuzi, hata hilo limetokea mahali pengi wala dunia haikuanguka. Lakini kamati itakapokutana Jumamosi baada ya mazao kuuzwa, kabla ya fundi kuitwa kuja kupima kwa kamba yake, karani mmoja na atumwe na daftari kwa mwanamke mzee kuliko wote wa kijiji, amwulize ni kina nani waliochota maji ya kukandia ule udongo, na waliyachota kisima gani.